Pedi za breki za Hilux: zile za zamani zisome kabla hujazitupa

Pikapu inayobeba mzigo kila siku inakula pedi za mbele haraka kuliko unavyodhani, na watu wengi wanasubiri mpaka zianze kulia ndo wapeleke gari gereji. Ule mlio mkali kwenye pedi nzuri ni kipande kidogo cha chuma kimewekwa makusudi kiguse disiki pedi ikikaribia kuisha, sasa hizi pedi za bei chee nyingi hazina hicho kipande kabisa, kwahiyo mlio utakaousikia wewe ni wa bati la nyuma ya pedi kusugua disiki, na hapo ushaingia gharama mbili, pedi na disiki.

Mi dalili ya kwanza naitafuta chini ya boneti, kwenye kichupa cha breki fluidi. Pedi zikilika, pistoni zinazozisukuma zinatoka nje zaidi, fluidi inazifuata, level inashuka hata kama hakuna panapovuja. Mtu anaona imeshuka anajazia, ikishuka tena anajazia, yaani anaifuta dalili kwa mkono wake mwenyewe. Alafu siku ya kuweka pedi mpya ukisukuma pistoni zirudi ndani ile fluidi yote inapanda juu na kumwagika, na breki fluidi ikigusa rangi ya gari inaila, mwagia maji hapohapo.

Kukagua hakuna maajabu. Legeza nati tairi ikiwa bado chini, weka jiwe tairi za nyuma, piga jeki kisha weka stendi chini ya chasisi maana jeki peke yake sio ya kuaminiwa, toa tairi, zungusha usukani ili kalipa, ile inayoshika pedi na pistoni zake, ikuangalie. Unachopima ni nyama ya pedi tu, bati la nyuma halihesabiki. Pedi mpya inakuwa na milimita kama 10 hivi, Toyota wao wanasema mwisho ni milimita 1 ila kwa gari ya mzigo ukiniuliza mimi, ikifika 3 toa. Na usichungulie ya nje peke yake kupitia matundu ya rimu, ya ndani inaweza kuwa imekwisha huku ya nje inakuchekea.

Hilux nyingi za 4WD, Vigo zikiwemo, kalipa ya mbele ina pistoni nne, mbili kila upande, na pedi zimeshikwa na pini mbili tu. Huna haja ya kufungua bolti hata moja ya kalipa. Toa klipu, gonga pini taratibu zitoke, ondoa ka-springi ka juu, vuta pedi kwa plaizi. Hapa sasa ndo pa kuwa makini: toa pedi MOJA, sukuma pistoni zake mbili polepole, weka mpya, ndo uende ya pili. Ukitoa zote mbili kwa pamoja, ukisukuma pistoni ya upande huu ya upande ule inatoka, utahangaika nayo nusu saa na ikichomoka kabisa unaanza habari nyingine ya kutoa upepo. Kwa zile 2WD zenye kalipa ya kuteleza, unafungua bolti ya chini unaipandisha juu, pini zake unasafisha na kupaka grisi ya breki, na usiiache kalipa ining'inie kwenye hozi, ifunge na waya. Lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa, loanisha ufute.

Pedi za zamani sasa, nimeona mafundi wanazirusha kwenye pipa bila hata kuziangalia, na mimi naona hapo ndo kuna habari yote. Zipange chini kama zilivyokaa, kulia na kushoto, ndani na nje. Ya ndani imeisha ya nje bado nzito? Kuna pistoni au pini imeganda, na ukiweka mpya bila kuishughulikia zitaisha vilevile. Upande wa kushoto umelika sana kuliko kulia, kalipa ya kushoto haiachii, gusa rimu zote mbili baada ya safari utasikia moja ina moto zaidi. Pedi inang'aa kama kioo, imeungua, hiyo ni ya mtu anayeshuka mteremko kwa breki badala ya gia. Ukikuta ina grisi basi sili ya habu inavuja, anza na hiyo. Na zikiwa zimeisha zote nne sawasawa lakini mapema mno, subiri nitarudi.

Kwenye kununua, angalia kwenye bati au ubavu wa pedi, nyingi zina herufi mbili mwisho wa namba, EE, FF au GG. Ya kwanza inaeleza inavyoshika ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto, na inavyopanda kutoka E kwenda G inashika zaidi. Mi ya mzigo sishuki chini ya FF. Herufi hizo hazithibitishi kuwa pedi sio feki lakini boksi lisilo na chochote mi naliacha dukani. Na badili kulia na kushoto kwa pamoja, habari ya upande mmoja mmoja iache. Disiki nayo ipime, unene wa mwisho umeandikwa humohumo kwenye disiki, ikiwa imepungua zaidi ya hapo hata kuichonga haifai.

Ukishafunga, KABLA hujawasha gari uondoke, pampu pedeli mpaka iwe ngumu. Bila hivyo breki ya kwanza utakanyaga hewa. Alafu sehemu tupu, kimbia kama 60 punguza mpaka 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kadhaa, acha zipoe. Usizitoe gereji ukaenda kuzijaribia mteremko wa Kitonga na nyanya za Ilula nyuma.

Sasa zile zilizoisha sawasawa mapema. Hilux nyingi kule nyuma zina valvu yenye fimbo imeunganishwa na ekseli, gari ikishuka kwa mzigo valvu inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Sisi tunaongeza springi ili gari isilale, gari inabaki juu hata ikiwa na tani, valvu inajua gari tupu, nyuma inapewa kidogo na mbele inabeba kila kitu. Fundi anayeijua ataiseti ile fimbo iendane na springi mpya, na akiwa huko huko chini mwambie afungue dramu aangalie brekishuu na silinda zake kama hazivuji.