Usiutupe Mkanda Baada ya Kuchoma DVD

Harusi ya dada yangu mkubwa ilifanyika Tanga mwaka 1997 na kurekodiwa kwenye mkanda wa VHS wa dakika 180. Humo anaonekana marehemu bibi yetu akipiga vigelegele, kisha akimuusia bibi harusi kwa sauti ambayo leo haisikiki mahali pengine popote. Miaka kumi baadaye tuliupeleka mkanda kwa fundi, akatuchomea DVD moja na kuibandika stika ya maua, nasi tukaona kazi imekwisha. Mwaka 2018 nilipoitia DVD hiyo kwenye deki, ilikwama dakika ya kumi na mbili, na kila deki niliyoijaribu iligomea hapo hapo. Kilichotuokoa ni kwamba mama alikuwa amekataa kuutupa mkanda.

Tangu hapo kazi hii naifanya mwenyewe, na ushauri wangu wa kwanza ni kutochelewa. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kuzitengeneza mwaka 2016, kwa hiyo zilizobaki ni za mtumba na huharibika moja baada ya nyingine. Sisi wa pwani tuna adui mwingine, nao ni unyevu. Kabla ya kuutia mkanda kwenye deki, utazame kupitia kidirisha chake: ukiona utando mweupe kando ya utepe, huo ni ukungu, na ukiucheza utachafua kichwa cha deki na kuambukiza mikanda mingine. Mkanda huo mpelekee fundi ausafishe. Ulio safi upeleke mbele hadi mwisho na kuurudisha mwanzo mara moja, ili utepe ulioganda kwa miaka ulegee kabla ya kuchezwa.

Unapouhamishia kwenye kompyuta, hifadhi kwanza faili lenye ubora mkubwa kadiri diski yako ya nje inavyoweza kubeba, kwa sababu DVD ya kutazamia nyumbani ni nakala iliyokwisha kubanwa, yaani iliyopunguzwa ukubwa pamoja na sehemu ya ubora wake. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, kiasi kinachotosha takriban saa mbili za picha nzuri. Fundi wetu alizishindilia saa zote tatu kwenye diski moja, na ndiyo maana hata zile dakika kumi na mbili zilizosalia zilikuwa na nyuso zilizokatikakatika kama vigae. Mikanda midogo ya MiniDV, ile ya kamera za kidijitali, ndiyo inayokula nafasi zaidi, kwani saa moja yake huchukua karibu gigabaiti 13, nayo haiingii kwenye DVD moja bila kubanwa au kugawanywa.

Kuhusu kuchoma kwenyewe, chagua diski za kuandikwa mara moja tu badala ya zile za kufutwa na kuandikwa upya, punguza kasi, na usiifanyishe kompyuta kazi nyingine wakati huo. Data huandikwa kwa leza kwenye tabaka jembamba la rangi, na rangi hiyo huharibiwa na joto na jua, hivyo diski isikae juu ya televisheni wala dirishani. Stika usibandike kabisa, kwa kuwa huifanya diski izunguke bila mizani na gundi yake hujikunja kwa joto. Andika jina la tukio na mwaka kwa maka peni ya wino wa maji, karibu na tundu la katikati. Halafu jambo ambalo wengi huliruka, nami nalisisitiza kuliko yote: itoe diski, itie kwenye kifaa kingine, uitazame hadi mwisho. Programu ikisema imemaliza kuchoma, bado haijathibitisha kwamba diski inasomeka kwingine.

Harusi ya dada sasa ina nakala tatu: faili kubwa kwenye diski ya nje iliyopo kwangu, DVD mbili zinazofuatana katika kabati la mama, na seti nyingine ya DVD kwa dada mwenyewe huko Arusha, ambako hewa ni baridi na kavu kuliko yetu. Mkanda nao upo, umesimamishwa ndani ya jalada lake. Kila Idi tunapokusanyika kwa mama, DVD za kabatini huchezwa mwanzo hadi mwisho, na itakayokwama popote huchomwa upya wiki hiyo hiyo kutoka kwenye faili.