Simwogopi mwandishi mwenye timu

Swali la wiki hii liliuliza kama msomaji anaweza kumwamini mwandishi wa habari za michezo ambaye kila mtu anajua kuwa ni mshabiki wa Simba au wa Yanga. Jibu langu ni kwamba anaweza. Katika nchi ambayo mtoto hupewa timu na wajomba zake kabla hajaanza shule, kumtafuta mwandishi wa mpira asiye na timu ni kumtafuta mtu ambaye hakuwahi kuupenda mpira, na sijui mtu wa namna hiyo angetueleza nini tunachokihitaji. Ninayemwogopa ni mwandishi ambaye riziki yake ya kesho inategemea klabu anayoiandika leo, awe anaipenda klabu hiyo au haipendi.

Niseme mapema ninapokaa. Mimi ni mtu wa Tanga na timu yangu ni Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa Tanzania Bara wa mwaka 1988, ubingwa ambao tangu hapo tunausikia kwa wenzetu tu. Ushabiki wa namna hii una machungu yake, lakini unamwezesha mtu kuzisoma habari za Simba ya Msimbazi na za Yanga ya Jangwani bila moyo kwenda mbio, akaona yale ambayo wenye timu hizo huyapita kwa sababu ya furaha au hasira.

Nitaanza na siku ambayo sisi wa Coastal tulikuwa ndani ya habari. Tarehe 2 Julai 2022, kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, tulicheza na Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Mchezo ulimalizika kwa sare ya mabao 3-3, mabao yetu yote matatu yakifungwa na Abdul Suleiman "Sopu", na Yanga wakalichukua kombe kwa penalti. Mchezaji wa timu ya mkoani anayeifunga Yanga mabao matatu kwenye fainali ni jambo ambalo mwandishi anayejua kazi yake angelikalia wiki nzima: mabao yalipatikana vipi, mabeki wa bingwa walikosea wapi, na kijana mwenyewe ametokea wapi. Kilichokuja kutawala vinywa vya watu, hata hivyo, ni mzozo uliotokea siku hiyohiyo uwanjani kati ya Haji Manara, aliyekuwa msemaji wa Yanga, na rais wa Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, Wallace Karia, ambao mwezi huohuo ulimfanya Manara afungiwe miaka 2 na kutozwa faini ya shilingi milioni 20. Sisemi kwamba habari hiyo haikustahili kuandikwa, kwa maana adhabu kubwa kama ile lazima iandikwe. Ninasema kwamba ilipokwisha kuandikwa, mpira wenyewe ulikuwa umekosa nafasi, na Sopu tulikuja kumsikia tena kwa uzito alipokwenda klabu ya Azam FC, yaani alipogeuka kuwa habari ya usajili.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo swali la wiki hii halikuligusa. Msemaji wa klabu, ambaye kazi yake ni kuwapelekea waandishi habari za klabu, amekuwa yeye mwenyewe ndiye habari. Manara alipoondoka Simba na kuhamia Yanga mwaka 2021, uhamisho wake ulijadiliwa kuliko wa wachezaji wengi wa msimu ule. Waliofuata baada yake, Ahmed Ally kwa upande wa Simba na Ali Kamwe kwa upande wa Yanga, wote wawili walitoka kwenye utangazaji na uchambuzi wa mpira, na ni mabingwa wa kuzungumza. Mkutano wao mmoja na waandishi kabla ya mechi unajaza vipindi vya redio vya siku nzima, na vijiweni watu wanashindana kuigiza maneno yao. Siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa wanaifanya vizuri kazi waliyoajiriwa kuifanya. Lakini mwandishi kijana anayewatazama anajifunza jambo moja, kwamba cheo cha juu kabisa katika fani yake hakipo kwenye chumba cha habari, kipo kwenye klabu. Mtu anayetamani kuajiriwa na klabu mwakani hawezi kuiuliza leo kwa nini mishahara imechelewa.

Na si klabu peke yake inayolipa. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo ya Ligi Kuu wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na sisi wa timu ndogo ndio tulioshukuru zaidi, kwa sababu fedha hizo zilizipa timu nyingi uhai na mechi za Mkwakwani, uwanja wetu wa Tanga, zikaanza kuonekana hadi vijijini. Ninaushukuru mkataba huo hadi leo. Hata hivyo mwenye Azam Media ni familia ileile ya biashara inayomiliki Azam FC, timu inayoshindana kwenye ligi hiyohiyo, na mchambuzi anayeketi studio anakula mshahara wa mwenye haki za matangazo. Ziongeze kampuni za kubashiri, ambazo nembo zao zimekaa vifuani mwa wachezaji na majina yao husomwa katikati ya vipindi vya michezo, na utaona kwamba fedha inayoilisha klabu, inayolisha kipindi na inayochukuliwa kwa shabiki kwenye mkeka wake wa kubashiri inazunguka kwenye mikono michache. Hakuna lazima kwamba mtu yeyote amepewa bahasha. Inatosha kwamba kila mmoja anajua asimuudhi nani.

Msomaji atauliza ninaona wapi madhara ya hali hiyo. Ninayaona kwenye jambo la Feisal Salum. Mwishoni mwa Desemba 2022 Feisal alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga baada ya kurudisha shilingi milioni 112, na mapema Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Jambo hilo liliendelea miezi, hadi Rais Samia Suluhu Hassan akalitaja mwezi Juni mbele ya Yanga wenyewe na kuwataka walimalize, na siku chache baadaye mchezaji akauzwa Azam. Katika miezi yote hiyo, karibu kila kitu tulichokijua kuhusu mkataba ule tulikijua kwa sababu wenye mgogoro waligombana hadharani, kila upande ukitoa kipande kilichoufaa. Kabla ya hapo Feisal alikuwa miongoni mwa wachezaji walioandikwa sana nchini, na hatukuwa tumesomewa chochote cha maana kuhusu namna mikataba ya wachezaji wa ndani inavyoandikwa, kipengele cha kuvunja mkataba kinavyofanya kazi, au mchezaji anawakilishwa na nani anaposaini. Tulisomewa kwamba yu fiti, kwamba ana jeraha dogo, na kwamba klabu fulani ya nje inamtaka.

Mfano wa pili ni wa watani wenyewe. Jioni ya tarehe 7 Machi 2025 Simba walifika Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi, wakazuiwa kuingia, kisha wakatangaza kwamba hawatacheza mechi ya kesho yake dhidi ya Yanga. Bodi ya Ligi ikaiahirisha siku yenyewe ya mechi, wakati mashabiki wa mikoani walikuwa wameshafika Dar es Salaam. Yanga wakapeleka timu uwanjani, wakagoma kurudi kuicheza, na shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS. Mechi ilichezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda mabao 2-0. Nilisikiliza redio nyingi siku ile ya Machi kuliko ilivyokuwa lazima. Nilitaka kujua mambo matatu: kanuni inampa mgeni haki gani ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi, anapaswa kumjulisha nani kabla hajafika, na akinyimwa haki hiyo anaruhusiwa kutocheza au anaruhusiwa kulalamika tu. Maswali hayo hayahitaji chanzo cha siri ndani ya klabu wala simu ya kiongozi. Yanahitaji mtu aikalie kanuni ya ligi, aisome yote, asirukie kifungu kimoja, na atueleze kwa utulivu. Wapo wachache waliofanya hivyo, na ninawaheshimu. Wengi walitusomea taarifa ya upande mmoja, wakampigia simu mtu wa upande wa pili, wakaita hiyo mizani.

Sasa niwageukie mashabiki wenzangu, maana tunapenda kukaa pembeni kama mashahidi ilhali nasi ni washtakiwa. Mwandishi akiuliza habari za hisa asilimia 49 za Simba na shilingi bilioni 20 zilizotajwa tangu mchakato wa mwaka 2017, anaambiwa katumwa na Utopolo, yaani Yanga. Mwingine akiuliza mipaka kati ya uongozi wa Yanga na mfadhili wake, anaambiwa ni Kolo, yaani mtu wa Simba. Hakuna anayemjibu kwa hoja, na matusi yanayomfikia kwenye simu yake, mengine ya kuwagusa mama na watoto wake, yangetosha kumfanya mtu yeyote arudi kwenye habari za usajili. Tetesi hazina adui. Ukiandika kwamba kiungo fulani wa Afrika Magharibi yuko njiani kutua, wenye timu wanafurahi, wapinzani wanacheka, gazeti linauzwa, na asipotua hakuna anayerudi kukudai. Kwa hiyo tunapolalamika kwamba waandishi wetu ni makanjanja, tukumbuke ni habari zipi tunazofungua kwanza asubuhi.

Tusidhani pia kwamba mambo haya ni ya kwetu tu. Mwezi Oktoba 2013 klabu ya Newcastle United ya Uingereza iliwafungia milango waandishi wa magazeti matatu ya mji wake kwa sababu ya namna yalivyoandika maandamano ya mashabiki waliokuwa wakimpinga mmiliki. Klabu kubwa yenye historia ndefu ilifanya hivyo hivyo ambavyo mwenyekiti wa timu ya daraja la chini angefanya kwetu. Tofauti ninayoiona ni kwamba magazeti yale yaliendelea kutoka na kuiandika klabu hiyohiyo bila kukaribishwa mazoezini. Kwetu mwandishi akifungiwa mlango wa klabu moja kubwa, mara nyingi mhariri wake humbadilishia timu ya kuandika, na klabu inakuwa imeshinda bila kutumia hata barua.

Ndiyo maana ninasema mwandishi awe na timu yake na aiseme wazi. Akisema, nitajua namna ya kumsoma. Ninachotaka aongeze ni yale mengine ambayo hayasemwi: kama safari ya kwenda Algiers au Casablanca kuangalia mechi ya kimataifa alilipiwa tiketi na hoteli na klabu, aandike hivyo chini ya habari yake, kama kipindi chake kinadhaminiwa na kampuni inayoidhamini pia timu anayoijadili, aseme kabla ya kuanza kuijadili. Chama cha waandishi wa habari za michezo, TASWA, kingeweza kulifanya hilo kuwa sharti kwa wanachama wake bila kusubiri serikali, na sidhani kuna klabu ambayo ingethubutu kulipinga hadharani. Klabu nazo ziache kumchukulia kila anayeuliza kuwa ni wa upande wa pili. Ila hili ninaliomba bila matumaini makubwa, kwa kuwa klabu itafanya kila inachoachiwa kufanya.

Najua jibu la wahariri, kwa sababu nimeshawahi kulisikia: gazeti lisilobeba Simba na Yanga ukurasa wa mbele linarudi kutoka mitaani kama lilivyokwenda, na hakuna fedha ya kumtuma mwandishi Tanga, Mbeya au Kagera kila mwisho wa wiki. La kwanza ni kweli na silipingi. La pili lina walakini. Katika kila mkoa wenye timu ya Ligi Kuu yupo tayari mwandishi wa kujitegemea, anayelipwa kwa habari iliyochapishwa, ambaye mara nyingi habari yake ya mchezo hukatwa ikabaki matokeo na majina ya wafungaji, kisha anapigiwa simu kwa haraka wiki ambayo Simba au Yanga inakuja mkoani kwake, aulizwe timu imefikia hoteli gani. Huyo ameziona mechi zote za nyumbani, anamjua kijana anayepanda kabla mawakala hawajamjua, na hana msemaji wa kumwogopa kama wale wa Simba na Yanga. Alipwe kwa maneno 600 kuhusu mchezo aliouona, na ukurasa wa ndani mmoja utengwe kwa ajili yake kila wiki. Ukurasa wa mbele waendelee kuwapa watani wa Kariakoo.