Lehemu ya redio usiiweke kwenye boila

Ndugu, umeuliza kama boila ya injini yako ndogo ya mvuke inaweza kuungwa kwa lehemu ya redio. Hapana, tafadhali. Lehemu ile ya bati na risasi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Mvuke wenye presha ya bar 3 kwenye geji tayari una nyuzi 143 hivi, na maji yakipungua joto la shaba linapanda ghafla, kiungo kinaachia.

Hapa Lubumbashi ulizia kwa mafundi wa friji vijiti vya lehemu ya fedha, pamoja na dawa yake (flux) ya kusafisha kiungo ili lehemu ishike. Vile vya shaba na fosforasi vinashika vizuri shaba kwa shaba, ila usivitumie kwenye chuma. Shaba ikigoma kukunjika, ipashe hadi iwe nyekundu hafifu, izamishe majini, kisha endelea na nyundo ya mbao.

Ukimaliza, ijaze maji baridi pomoni uipime kwa presha mara mbili ya utakayotumia. Kwa maji, si kwa hewa! Kiungo kikiachia, maji yanachuruzika tu; hewa inarusha vipande usoni. Na valvu ya usalama ni lazima, hata boila ikiwa ndogo kama kikombe.