Kabla ya kuchora grafu, hakikisha vipimo vinafika

Nilikuwa na kontena tano za Docker, yaani programu zinazoendeshwa kila moja ndani ya boksi lake, kwenye kompyuta moja, na mojawapo kazi yake ilikuwa kupunguza ukubwa wa picha. Kila baada ya saa chache ilizimika na kuacha namba 137. Namba hiyo ni 128 kujumlisha 9: mchakato umeuawa kwa ishara namba 9, na mara nyingi kosa ni kwamba umevuka kiwango cha kumbukumbu (RAM) ulichopangiwa. Mimi niliiwasha upya nikaendelea na kazi. Niliishi hivyo kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua kusakinisha Prometheus, inayokusanya vipimo, na Grafana, inayovichora kuwa grafu, nione kinachotokea mle ndani.

Nusu siku ya kwanza iliishia kwenye neno moja: localhost. Kwenye faili la Prometheus niliandika localhost:8000, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuifungua programu yangu kwenye kivinjari. Grafu zote zikawa tupu. Prometheus haisubiri kuletewa vipimo, huvifuata yenyewe kwa kila huduma na kuvichota. Na ndani ya kontena, localhost ni kontena hiyohiyo, kwa hiyo Prometheus yangu ilikuwa inajigongea mlango wake yenyewe. Ukitumia Docker Compose, inayowasha kontena zako zote kwa faili moja, huduma zilizo kwenye mtandao mmoja huitana kwa majina yake, hivyo andika api:8000 ikiwa huduma yako inaitwa api. Poti, yaani namba ya mlango wa huduma kama 8000, nayo iwe ile ya ndani ya kontena, hata kama kwa nje umeielekeza kwenye namba nyingine. Grafana ni vilevile: chanzo chake cha data ni http://prometheus:9090.

Ndiyo maana siku hizi siigusi Grafana mpaka nimefungua Prometheus yenyewe, poti 9090, kwenye ukurasa wa Targets. Kila chanzo lazima kiwe UP. Kikiwa DOWN, ujumbe wa kosa uko palepale pembeni yake, na unasema wazi kama jina halijulikani, poti imekataa au njia haipo. Dakika mbili hapo zinaokoa saa nyingi za kuhangaika na grafu tupu.

Sasa turudi kwenye ile kontena. Niliongeza cAdvisor, ambayo hutoa vipimo vya kila kontena, nikachora container_memory_usage_bytes, yaani kumbukumbu inayotumiwa na kila kontena. Nikashtuka: karibu kila mstari ulikuwa unapanda, hata wa hifadhidata ambayo haikuwa na tatizo lolote. Kumbe kipimo hicho kinajumlisha pia kurasa za mafaili ambazo mfumo umeziweka karibu ili zisomwe haraka, na ambazo nyingi mfumo huweza kuziachia pakihitajika nafasi. Nilipobadilisha kwenda container_memory_working_set_bytes, kinachotoa kurasa za mafaili zisizotumika karibuni, hifadhidata ikatulia. Mstari wa picha ukabaki na umbo la ngazi: kila fungu la picha likiingia unapanda kidaraja, kazi ikiisha haushuki. Nilipoliona umbo hilo nilijua pa kutafuta. Kwenye msimbo kulikuwa na orodha ya picha zilizofunguliwa ambayo sikuwahi kuisafisha. Mstari mmoja wa msimbo ukamaliza tatizo.

Vipimo vinavyohesabu tu kwenda juu, kama idadi ya maombi yanayofika kwenye programu, usivichore vilivyo. Tumia rate, inayotoa kasi ya ongezeko kwa sekunde, na dirisha lake, yaani kipindi inachokitazama nyuma, liwe angalau mara 4 ya muda wa kuchota. Ukichota kila sekunde 15, anzia dakika 1. Usipoandika muda wowote, Prometheus huchota kila dakika 1, na dirisha la dakika 1 huenda lisipate sampuli mbili inazohitaji kupiga hesabu. Na usiweke namba ya mtumiaji kwenye lebo, yaani maelezo yanayobandikwa kwenye kipimo, tafadhali. Kila thamani mpya ya lebo huzaa mfululizo mpya wa data, na kumbukumbu ya Prometheus ndiyo inayolipa.

Jambo lililoniuma zaidi ni dashibodi nilizozipanga kwa mkono kwenye kivinjari kwa siku mbili, nikaja kuzifuta kwa docker compose down -v. Ile -v huondoa na volyumu, yaani hifadhi ya data ya kontena. Tangu hapo dashibodi zangu ni mafaili: chanzo cha data na maelezo ya mahali dashibodi zilipo hukaa chini ya /etc/grafana/provisioning, dashibodi zenyewe ni mafaili ya JSON, na vyote viko kwenye Git, inayotunza historia ya mafaili, pamoja na msimbo. Zikifutika, zinarudi zenyewe kontena inapowaka.

Dashibodi yangu ina grafu 4 tu: maombi kwa sekunde, makosa, muda ambao asilimia 95 ya maombi hayauvuki, na kumbukumbu ya kila kontena. Niliwahi kuwa na zaidi ya 20. Nilizifuta zile ambazo kwa mwezi mzima hazikunifanya nibadilishe hata mstari mmoja wa msimbo.