Barua kwa mwanangu: mwaka mmoja kabla ya chuo

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ule mwaka wa Prince William kabla ya chuo ulikuwa matembezi tu ya mjukuu wa malkia, na kama wewe, uliyemaliza kidato cha sita, unaweza kuwa na mwaka wako bila jina wala fedha kama zake.

Sehemu kubwa ilikuwa kazi. Alimaliza shule ya Eton mwaka 2000 akiwa na miaka 18, akaanzia Belize, kwenye mazoezi ya msituni na askari wa Welsh Guards. Akapita kisiwa cha Rodrigues, Mauritius, kisha akakaa wiki 10 Chile na shirika la Raleigh International. Aliporudi Uingereza alikamua ng'ombe, halafu akaja huku kwetu, hadi hifadhi ya Lewa, Kenya. Septemba 2001 akaingia chuo kikuu cha St Andrews, Scotland.

Itazame Chile vizuri. Tortel, alikofanya kazi William, ni kijiji cha Patagonia, kusini mwa nchi hiyo, ambacho watu hupita juu ya njia za mbao badala ya barabara. Vijana walilala pamoja sakafuni, wakapika na kusafisha vyoo kwa zamu, wakatengeneza njia hizo, wakafundisha watoto Kiingereza. Raleigh iliwapangia vijana vipindi vya namna tatu: kazi za jamii, mazingira, na safari ya kujikaza. Mpango huo ulikuwa na busara, kwani kazi ikikuchosha unajua itaisha lini. Walinzi wa William, na mapatano yake na waandishi wa habari, vilikuwa vyake peke yake. Wewe unahitaji mwenyeji anayejulikana, msimamizi, na kazi yenye tarehe ya mwisho.

Kuhusu vituo vya kulelea watoto, nakuomba unisikilize. Mdogo wake William, Harry, alikwenda Lesotho mwaka 2004, akakaa miezi miwili na kushinda na watoto wa kituo kimoja katika mji wa Mohale's Hoek. Ninachokithamini zaidi ni kilichofuata: mwaka 2006 yeye na Prince Seeiso wa Lesotho walianzisha shirika la hisani la Sentebale, ili msaada usiishe na ziara. Mtoto anayezoeshwa mgeni mpya kila mwezi huumia kila mgeni anapoondoka. Kama huwezi kukaa muda mrefu, omba kazi ya kitaluni, stoo, jikoni au ya kutunza kumbukumbu. Muulize mwenyeji nani aliifanya kabla yako na nani ataipokea. Akikosa jibu, usiende. Na ukikuta kituo kinachopokea wageni kufanya kazi na watoto bila kudai cheti cha polisi cha tabia njema, kiogope.

Sasa mpangilio. Anza na chuo: omba nafasi, kisha upate kwa maandishi kwamba unaruhusiwa kuahirisha, na uulize mkopo utakuwaje, maana wengi hukumbuka mkopo wakati nafasi imeshapotea. Jina lako likiwa kwenye orodha ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), ondoa kwanza miezi ya mafunzo hayo kwenye mwaka wako. Kama utatoka nje ya nchi, pasi iwe na zaidi ya miezi sita mbele, na uliza ubalozi kuhusu kibali, kwa sababu nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa kazi, na viza ya utalii haitoshi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Ile ya homa ya ini B kwa kawaida ni dozi tatu, ya mwisho mwezi wa sita, kwa hiyo ianze mapema.

Fanya kazi ya mshahara kwanza, kujitolea baadaye. Wanaogeuza mpangilio huo huishiwa katikati na kurudi kwa nauli ya kukopa. Tenga nauli ya kurudi na chakula cha mwezi mmoja, usiviguse. Acha pia wiki mbili tupu kati ya kituo na kituo, maana vibali huchelewa na mvua hukata njia.

Nitumie jina la mwenyeji, la msimamizi, na tarehe za kuanza na kumaliza. Nikishazungumza nao, tutapanga nauli.

Mama yako