Maswali yenu kuhusu Vittek, yule straika wa Slovakia aliyewaliza Waitaliano

Wiki iliyopita nilidokeza kwa mstari mmoja tu kwamba Róbert Vittek alitupia mabao manne Kombe la Dunia 2010 na bado baada ya pale hakuna klabu kubwa iliyomgombania, basi simu yangu haijapumzika mpaka leo. Nimechukua maswali yaliyojirudia sana, ya matusi nimeyaacha hukohuko. Twende kazi.

Kutoka Tandika: Kaka, huyo jamaa ni wa Slovakia au Slovenia? Mi hizo nchi huwa nazichanganya.

Slovakia mzee. Na wala usione aibu, maana 2010 zote mbili zilikuwepo Afrika Kusini, Slovenia ilikuwa kundi C na Uingereza, Slovakia kundi F na Italia, Paraguay na New Zealand, kwahiyo ubishi wa nani ni nani ulikuwa kila siku. Slovakia ndo ule upande mmoja wa iliyokuwa Chekoslovakia, waligawana nchi tarehe 1 Januari 1993 bila kurushiana hata jiwe, watu wenyewe hawafiki milioni sita. Mji mkuu wao Bratislava uko mpakani kabisa, Vienna ya Austria ni kama kilomita 60 tu, yaani Dar na Chalinze hapo mbali kidogo. Vittek kazaliwa hapohapo Bratislava Aprili 1982 na kakulia Slovan Bratislava, ndo Simba na Yanga yao wakiunganishwa kuwa moja.

Kutoka Likoni, Mombasa: Braza, ile mechi ya Italia nilikuwa mdogo, nakumbuka tu watu wakipiga kelele mtaani. Hebu tusimulie.

Hii nilikuwa naisubiri. Alhamisi tarehe 24 Juni 2010, Ellis Park, Johannesburg, kwetu ilikuwa saa 11 jioni. Mimi nilikuwa kibanda umiza, benchi la mbele, na jamaa mmoja mwenye jezi ya bluu ya Italia kashalipia soda za watu wanne kabla mpira haujaanza kwa sababu eti ushindi upo mfukoni. Na kusema ukweli hakuna aliyembishia, Italia alikuwa bingwa mtetezi na Slovakia kwenye mechi mbili alikuwa na pointi moja tu, sare ya 1-1 na New Zealand ambayo Vittek alifunga halafu wakaja kurudishiwa dakika za majeruhi, kisha wakachapwa 2-0 na Paraguay.

Dakika ya 25 De Rossi wa Italia akapiga pasi ya kizembe karibu na boksi lake mwenyewe, Kucka wa Slovakia akainasa, akamsogezea Vittek, na Vittek hakuleta mbwembwe, akapiga chini chini kipa Marchetti akaenda na maji. Buffon, kipa wao namba moja, hakuwepo, mgongo ulimtoa kwenye mashindano mechi ya kwanza tu. Jamaa wa soda akacheka, akasema bado mapema.

Bao la pili ndo naomba ulitafute uliangalie vizuri, dakika ya 73. Mpira unatoka kwenye kona, unarudishwa kwa Hamšík, Hamšík anaangusha krosi ya chini nguzo ya karibu. Usiangalie mpira, mwangalie Vittek na beki wa Italia, Chiellini. Wamesimama karibu karibu, Chiellini ana mwili, ana jina, ana kila kitu, ila ule mguu wa kwanza Vittek kautoa kabla krosi haijapigwa, yaani keshaamua mpira utakuja wapi, kwahiyo wakati Chiellini anageuka tayari mwenzake yuko mbele yake na anagusa tu. Hapo hakuna nguvu wala spidi ya ajabu, ni kuwahi hatua moja. Watoto wetu wanafundishwa chenga nyingi sana lakini hiyo hatua moja haifundishwi.

Baada ya hapo ilikuwa kama sinema. Di Natale akairudishia Italia moja dakika ya 81, Waitaliano wakagombania mpira golini na Mucha, kipa wa Slovakia, mpaka wakataka kushikana, Quagliarella wa Italia akafunga likakataliwa la kuotea, Kopúnek wa Slovakia akaingia akitokea benchi na dakika ya 89 akapokea mpira uliotokana na kurusha, akaudokoa juu ya kipa, 3-1, halafu Quagliarella akafunga bonge la bao la kudokoa toka mbali dakika za nyongeza, 3-2. Na bado Pepe wa Italia akapata nafasi ya mwisho akaikosa. Bingwa mtetezi mkiani mwa kundi, chini ya New Zealand ambao walitoa sare mechi zote tatu. Jamaa wa jezi ya bluu alitoka bila kuaga na soda yake akaiacha nusu.

Kutoka Bujumbura: Sasa mtu mwenye mabao manne Kombe la Dunia inakuaje hakwenda timu kubwa? Si wengine wanafunga moja tu wanauzwa mamilioni?

Hapa ndo penye utamu. Watu wengi tunamuona Vittek kama mtu aliyeibuka 2010 akapotea, wakati ukimfuata toka mwanzo unakuta kinyume chake, Afrika Kusini ilimkuta kazi yake ishavuka kilele.

Kilele chenyewe kilikuwa Nürnberg. Alienda Ujerumani 2003 akiwa na miaka 21, na klabu ilikuwa daraja la pili, sio kwamba alidondokea Bayern. Mwaka huohuo Nürnberg wakamchukua na Marek Mintál kutoka Žilina, Mslovakia mwenzake, na mimi naamini hilo lilimsaidia kuliko kocha yeyote, maana kijana ugenini akiwa na mtu wa kuongea naye lugha ya nyumbani chumba cha kubadilishia nguo hawezi kuwa mkiwa. 2004 wakapanda daraja. Msimu uliofuata Mintál, kiungo huyo, akawa mfungaji bora wa Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mabao 24. Msimu wa 2005-06 ikawa zamu ya Vittek, mabao 16 ya ligi. Mei 2007 Nürnberg wakabeba Kombe la Ujerumani kwa kuwafunga Stuttgart 3-2 dakika 120 kule Berlin, mwaka mmoja baadaye haohao wakashuka daraja. Mpira una kejeli zake.

Dirisha la kuondoka kwa bei ya juu lilikuwa pale baada ya yale mabao 16. Alipoondoka 2008 timu imeshashuka, akaenda Lille ya Ufaransa, na kule hakuwika. Mapema 2010 wakampeleka Ankaragücü ya Uturuki kwa mkopo. Kwahiyo kapandeni wote kwenye kiti cha bosi wa klabu kubwa Julai 2010: mbele yako yupo straika wa miaka 28, Lille wamemtoa kwa mkopo, anacheza timu ya katikati Uturuki, na ana wiki mbili kali za Afrika Kusini. Yule anayefunga bao moja akauzwa mamilioni mara nyingi ana miaka 20, klabu inanunua miaka kumi ijayo. Mimi ningekuwa bosi nisingemnunua, na hapo nasema kama mtu anayempenda.

Akabaki Ankaragücü. Klabu ikaja kuingia kwenye ukata mkubwa 2011, wachezaji wakatawanyika, na 2012 ikashuka. Yeye akahamia Trabzonspor, baadaye akaenda Debrecen ya Hungaria, na mwisho akarudi Slovan alikoanzia.

Mama Junior, Mbeya: Mwanangu, kwani hao vijana wa Slovakia wote wanakimbilia nje? Ligi yao haina hela?

Shikamoo mama. Hela ipo ila ndogo, nchi ni ndogo, mashabiki wachache, pesa za televisheni ndo usiseme. Kwahiyo kule kijana kuondoka hakuhesabiwi kuwa usaliti, ndo mpango wenyewe. Wanaanza kwa majirani, Czech na Poland na Hungaria, kisha Ujerumani au Italia, na wakizeeka Uturuki, Ugiriki, Ghuba. Angalia hata washambuliaji wa kikosi cha 2010: Vittek Uturuki, Hološko Beşiktaş ya hukohuko Uturuki, Šesták Bochum ya Ujerumani na baadaye naye akaenda Ankaragücü. Winga Vladimír Weiss, mtoto wa kocha, alikuwa mali ya Manchester City na baadaye akaenda kucheza Qatar miaka kadhaa, ndugu zetu walioko Doha watakuwa wanamkumbuka.

Kutoka Morogoro: Kocha mwenzenu hapa, nina vijana chini ya miaka 15. Hao Slovan wanapata nini mtoto wao akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine? Na mimi ninaweza kupata?

Swali la pesa, safi. FIFA wana kitu kinaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya dau inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia mwaka wake wa 12 mpaka wa 23. Miaka minne ya kwanza, yaani 12 hadi 15, kila mwaka unachukua asilimia 5 ya huo mfuko, kuanzia 16 mpaka 23 kila mwaka unachukua asilimia 10.

Tupige hesabu ya mfano. Mtoto wako kauzwa euro milioni 2, mfuko ni laki moja. Wewe ulikaa naye miaka minne ile ya mwanzo, hiyo ni asilimia 20, unapata euro 20,000. Na akiuzwa tena, unapata tena. Ila hapa ndo tunapoliwa kocha wangu: lazima awe amesajiliwa rasmi kwako, na klabu yako iwe inatambulika na shirikisho. Daftari la kaunta lenye majina na saizi za viatu halitoshi. Klabu za kule kijana akiuzwa leo kesho barua ya madai ishatoka, sisi tunasikia kwenye redio tunafurahi tu kwamba "huyu nilimfundisha mimi".

Kutoka Kigoma: Mbona hakupewa kiatu cha dhahabu?

Alipungukiwa bao moja kuwafikia vinara. Müller wa Ujerumani alimaliza na matano, Vittek manne. La nne alilifunga kwa penati dhidi ya Uholanzi Durban, hatua ya 16 bora, mpira wa mwisho kabisa wa mechi, wakafungwa 2-1 wakaenda nyumbani. Inayouma zaidi ni kwamba ubao ukiwa bado unasoma 1-0 alibaki yeye na Stekelenburg, kipa akaokoa. Ile ingeingia sijui tungekuwa tunaongea nini leo.

Kutoka Mbagala: Samatta wetu alipita Fenerbahçe ya Uturuki na PAOK ya Ugiriki, kuna Mslovakia aliyewahi kupita huko?

Tena yupo aliyepita kotekote, Miroslav Stoch, winga aliyetokea Chelsea. Akiwa Fenerbahçe alipiga shuti la hewani dhidi ya Gençlerbirliği kutoka kwenye kona, likampa tuzo ya Puskás 2012, ile ya bao bora la mwaka. Halafu akaenda PAOK kwa mkopo. Baada yake PAOK wakamleta Mslovakia mwingine, Robert Mak, ambaye naye alipitia Nürnberg kama Vittek. Unaona njia zao zinavyopitana.

Dada wa Tanga: Yule jamaa wa Slovakia aliyefunga Euro 2024 ndo mtoto wa Vittek?

Hahaha hapana dada, hawana undugu. Yule ni Ivan Schranz wa Slavia Prague, kazaliwa 1993. Ila nimekuelewa kwa nini umefikiria hivyo, maana hadithi inafanana mno. Miaka 30 mgongoni, anacheza kwa majirani, kaja mashindano makubwa akafunga dhidi ya Ubelgiji wakashinda 1-0, akafunga dhidi ya Ukraine, akaifunga Uingereza dakika ya 25 pale Gelsenkirchen. Mabao matatu, akalingana na Kane, Musiala, Gakpo na wenzao kileleni mwa wafungaji. Walikuwa wamebakiza kama dakika moja na ushee kuitoa Uingereza, Bellingham akapiga tikitaka dakika ya 95. Kane akamalizia muda wa nyongeza. Schranz akapanda ndege akarudi Prague kuendelea na kazi, na majira hayo ya joto sikusikia klabu kubwa yoyote ikibisha hodi.