Kwa nini mdahalo wa Uskoti haukuonekana London?

Swali: Shikamoo mzee. Mwaka 2014 nilikuwa nasoma Glasgow. Mwezi Agosti tulikaa sebuleni kuangalia mdahalo wa Alex Salmond (wa upande wa Ndiyo) na Alistair Darling (wa Hapana) kuhusu kura ya maoni ya Uskoti kujitenga na Uingereza, kupitia STV, televisheni ya huko Uskoti, namba tatu kwenye rimoti. Binamu yangu aliyekuwa London alibonyeza namba tatu hiyohiyo akakuta kipindi kingine kabisa, tukabishana kwenye simu hadi salio likaisha. Inawezekanaje namba moja ikaonyesha vitu viwili kwa wakati mmoja? Na sisi, siku kura ya katiba ikija, televisheni inaweza kuwaonyesha watu wa Kigoma matokeo ya Kigoma, na wa Dar ya Dar? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Marahaba. Binamu yako hakukosea, na wewe pia hukukosea. Namba tatu ya Uingereza si kituo kimoja. Ni leseni za mikoa zilizofungwa kwenye furushi moja. Nyingi zinamilikiwa na ITV (si ITV yetu ya Mikocheni, usichanganye), lakini mbili za Uskoti, ya kati na ya kaskazini, ni za STV. Sehemu kubwa ya siku wote wanarusha tamthilia zilezile na habari zilezile za kitaifa. Ila mwenye leseni ana haki ya kuchomoka akaonyesha chake, kisha akarudi kundini.

Tarehe 5 Agosti STV walichomoka na mdahalo wao. ITV hawakuuchukua, wakaendelea na ratiba yao. Walio nje ya Uskoti wakaelekezwa kwenye intaneti, huko nako mitambo ikaelemewa na wengi wakabaki wanatazama kiduara kinazunguka. BBC walipofanya mdahalo wa pili tarehe 25 Agosti, walipanga kwa namna nyingine: Uskoti waliuona BBC One, na sehemu nyingine ya Uingereza waliuona BBC Two. Kwa mtu wa ratiba kama mimi hiyo ndiyo akili. Asiye na kura hukumnyima mdahalo, na wala hukumvurugia chaneli yake kubwa usiku mzima.

Kuna kituo kingine ambacho nakionea huruma mpaka leo: ITV Border. Ramani yake inachukua Cumbria, ambayo ni England, pamoja na kusini mwa Uskoti. Watazamaji wa kituo kimoja, baadhi wanapiga kura, wengine hawahusiki. Mpanga ratiba wa pale alikuwa amekaa juu ya mpaka wenyewe.

Sasa ufundi. Umewahi kusikia redio ya hapa ikijiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC au DW? Mtangazaji anasema "tunajiunga na wenzetu", kimya kidogo, halafu sauti ya huko inaingia. Televisheni inafanya hivyohivyo. Makao makuu wanatuma picha moja kwa mikoa yote. Kila mkoa una swichi: upande mmoja picha ya makao makuu, upande wa pili studio ya hapohapo. Anayebonyeza swichi ndiye anayeamua mnara wa mkoa ule utoe nini. Kwa hiyo picha ya STV iligawanyika kabla haijafika mnarani, na mnara unaoihudumia Glasgow haukuwa na habari kabisa na kinachoonekana London.

Mbonyezaji anajuaje wakati? Zamani Waingereza walikuwa na kimraba kidogo cheusi na cheupe juu pembeni mwa kioo. Kikitokea, imebaki dakika moja kabla ya matangazo ya biashara. Kikizimika, zimebaki sekunde tano, achia mkanda. Watazamaji walikuwa wanakiona na wengi hawakujua ni cha nini. Siku hizi ishara hiyo imefichwa ndani ya data, kompyuta inaisoma yenyewe.

Nikwambie kitu ambacho mtu wa nje hakioni: kutoka ni rahisi. Kurudi ndiko kunakotutoa jasho. Unatoka ukiwa na saa yako mkononi, lakini unarudi kwenye treni ambayo haikukusubiri. Kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi hapa Dar tulichomoka usiku kuonyesha matokeo ya jimbo moja. Msimamizi wa uchaguzi akasita kusoma namba ya mwisho, akavua miwani, akaifuta, akavaa tena. Zile sekunde arobaini za miwani hazikuwa kwenye ratiba. Niliporudisha swichi nikaangukia katikati ya tangazo la sabuni: mama anaanika shuka, hakuna mwanzo, hakuna jina la sabuni. Asubuhi idara ya mauzo wakanipigia. Mteja alikataa kulihesabu, tukalirudia bure.

Usiku wa kura ya maoni tatizo hilo linakuwa mara kumi. Angalia ule wa Uskoti, tarehe 18 Septemba. Vituo vya kura vilifungwa saa 4 usiku kwa saa za huko, yaani saa 6 usiku kwetu. Hapakuwa na utafiti wa kuwauliza wapiga kura mlangoni kama ule wa uchaguzi mkuu, kwa hiyo kwa saa kadhaa hakuna aliyekuwa na matokeo ya kusema. Halmashauri ya kwanza kati ya 32, Clackmannanshire, ilitangaza yapata saa 7 na nusu usiku kwa saa za huko, ikasema Hapana. Ilipofika Fife, saa 12 asubuhi na dakika chache, ndipo ikawa dhahiri kihesabu kwamba Hapana wameshinda. Mwishowe Hapana asilimia 55.3, Ndiyo 44.7. Dar tulikuwa saa 2 asubuhi, watu wako kwenye foleni ya daladala.

Usiku kama huo hauwezi kuandika "kipindi kinaisha saa fulani". Kwenye kompyuta ya kurushia kila kipande kina amri yake: kuna kinachoanza saa kamili hata dunia ipasuke, mfano taarifa ya habari ya saa 2 usiku, na kuna kinachofuata tu mwenzake akimaliza. Siku ya kura unaondoa amri za saa kamili moja baada ya nyingine na kumwachia binadamu. Ukisahau moja, kompyuta itamkata mtangaza matokeo mdomoni ili iweke katuni, na itakuwa sahihi, kwa sababu ndivyo ulivyoiamuru. Halafu kuna mwongozo wa vipindi unaouona kwenye king'amuzi. Huo unatumwa kama data ya pembeni, na usipobadilishwa, king'amuzi kilichowekwa kirekodi kinaweza kukuletea mjadala wa wachambuzi mahali pa filamu yako. Lawama zote hapo ni zetu sisi wa ratiba.

Haya, Kigoma. Jibu fupi: kwa mfumo tulionao, si kirahisi. Kituo cha taifa chenye studio Dar kinapandisha picha moja setilaitini. Kampuni za kusambaza matangazo zinaishusha kila zilipo na minara, zinaipakia pamoja na chaneli nyingine kwenye masafa yao, inaingia kwenye king'amuzi chako. Ndiyo hali tangu analojia izimwe Dar tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata. Picha ni moja kutoka Msasani mpaka Ujiji.

Kuigawa, ama ulipie nafasi ya pili setilaitini, ambayo inalipiwa dola iwe umeitumia au hukuitumia, ama uweke swichi na studio ndogo palepale Kigoma kabla ya mnara. Na minara jirani inayotumia masafa mamoja lazima itoe kitu kilekile, kwa wakati uleule, hadi kipande cha mwisho cha data. Ukibadilisha picha kwenye mmoja tu, inaharibiana, na wa katikati hapati ya huku wala ya kule.

Zanzibar ni kisa tofauti. Kura yao ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ya serikali ya umoja wa kitaifa, ilikuwa ya Wazanzibari peke yao, na televisheni yao wanayo tangu miaka ya 1970. Hapo mgawanyo upo tayari, kama wa Uskoti.

Ningeulizwa mimi, kura ya katiba ningeirusha kwa picha moja ya taifa, na utepe wa chini unaopitisha matokeo mkoa kwa mkoa. Undani wa kata na vituo ningewaachia redio za mikoani, ambazo zina mtu aliyesimama mlangoni pa kituo cha kuhesabia na simu yake tu. Niliichora ratiba ya namna hiyo kwa ajili ya tarehe 30 Aprili 2015, na rangi za kalamu nne. Mwanzoni mwa Aprili Tume ya Uchaguzi ikaahirisha kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika, na siku ile ikabidi niijaze na marudio.

Na binamu yako mwambie hivi: kama pale London alikuwa na dishi, STV ilikuwemo kwenye king'amuzi chake usiku ule, huko mwishoni kwenye namba za mia tisa zinakopangwa chaneli za mikoa mingine. Aliishia kwenye tatu tu.